Homa ya Bonde la Ufa: Utabiri Unapomwelekeza Mlinzi

Katika nyanda kame za kaskazini mashariki mwa Kenya, na katika mbuga nyingi za Tanzania, kuna mabonde mapana yasiyo na kina ambayo mwaka hadi mwaka hayamtishi mtu. Ng'ombe huyapita, mbuzi huchungwa humo, njia za watu huyakata katikati. Lakini udongo wake mkavu una mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, na baadhi ya mayai hayo yana virusi vya homa ya Bonde la Ufa, urithi kutoka kwa mbu jike aliyeyataga. Yanaweza kungoja hivyo kwa miaka. Mvua ya kawaida huyagusa kidogo tu. Ikija mvua ya gharika, maji yakatuama kwa wiki kadhaa, mayai huanguliwa kwa wingi na mbu wapya huwauma mifugo. Kisha mbu wengine wa jamii ya Culex, ambao huzaliana baadaye kwenye maji yaleyale, huvinyonya virusi kutoka kwa wanyama wagonjwa na kuvisambaza mbali.

Virusi hivi vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya Daubney, Hudson na Garnham kuchunguza vifo vya wanakondoo katika shamba lililokuwa karibu na Ziwa Naivasha. Dalili walizoziona ndizo wafugaji wanazoziona hadi leo: kondoo, mbuzi na ng'ombe kuharibu mimba kwa mkupuo, na vitoto kufa ndani ya siku chache. Binadamu huambukizwa na mbu, au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa wakati wa kuchinja, kuzalisha au kuchuna. Wengi hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache hutokwa damu, huvimba ubongo au hupoteza uwezo wa kuona, na katika hao wachache ndimo vifo vinamotokea.

Kwa anayepewa kazi ya kuufuatilia ugonjwa huu, tabu kubwa ni muda. Afrika Mashariki milipuko mikubwa imekuwa ikipishana kwa miaka 5 hadi 15. Afisa mifugo wa kata anaweza kuajiriwa, kuhamishwa na kupandishwa cheo bila kuona mnyama hata mmoja mwenye homa hii. Wakati huohuo, mitego ya mbu inataka barafu kavu, betri, gari na mafuta. Sampuli ya damu inataka ubaridi tangu inapochukuliwa porini hadi inapofika maabara. Hakuna wizara inayoweza kugharamia hayo kila wiki, katika kila wilaya, kwa miaka 10 ya ukimya. Basi mtandao wa uangalizi hulegea polepole: hupungua safari, kisha vifaa, kisha watu wanaojua cha kutafuta. Mvua kubwa zinaporudi, nchi nzima inakuwa haina macho.

Hapo ndipo utabiri unapokuwa na kazi ambayo mara nyingi haizungumzwi. Tumezoea kuufikiria utabiri kama mwisho wa mnyororo: vituo vinapima, kompyuta inakokotoa, wananchi wanatangaziwa. Ila utabiri huohuo unaweza kurudi mwanzoni mwa mnyororo na kuviambia vituo, mitego na watu wakatazame wapi, lini, na watazame nini. Katika Afrika Mashariki sijui mfano unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko homa ya Bonde la Ufa, katika kufaulu kwake na katika kushindwa kwake.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizowasukuma watafiti. Uchunguzi uliofanywa Garissa ulikadiria kwamba katika wilaya hiyo pekee watu 27,500 waliambukizwa. Mwaka 1999 Kenneth Linthicum na wenzake wakachapisha katika jarida la Science uchambuzi wa milipuko ya Kenya tangu mwaka 1950. Waligundua kwamba milipuko hufuata vipindi vya mvua iliyozidi kiasi, na kwamba mvua hizo nazo hutanguliwa na ishara baharini. Maji ya Pasifiki ya ikweta yakipata joto, na maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapata joto kwa wakati mmoja, mvua za vuli upande wetu hufurika. Ukichanganya vipimo vya bahari hizo mbili na picha za setilaiti zinazoonyesha hali ya uoto ardhini, waliandika, mlipuko unaweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla haujatokea.

Picha hizo za uoto zinastahili maelezo kidogo. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Setilaiti ikilinganisha mianga hiyo miwili, inapata kipimo cha ukijani wa ardhi, na kumbukumbu za aina hii zipo tangu mwaka 1981. Kwa hiyo inawezekana kuuliza swali moja juu ya kila kipande cha ardhi: je, kwa miezi mitatu mfululizo mahali hapa pamekuwa pa kijani kuliko kawaida yake? Katika eneo kame, ukijani uliozidi unamaanisha udongo uliolowa muda mrefu. Setilaiti haimwoni mbu wala yai. Inaona mazingira yanayomfaa mbu, na katika nchi isiyo na vituo vya kupimia mvua, hilo ni jambo kubwa.

Jaribio la kweli likaja mwaka 2006. Septemba ya mwaka huo Assaf Anyamba na wenzake, katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, waliona bahari zote mbili zikipata joto na wakatoa tahadhari kwa Pembe ya Afrika. Mvua zilipoanza, ramani ya maeneo ya hatari ikawa inachorwa upya kila mwezi. Novemba, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilizitahadharisha nchi za ukanda huu. Wagonjwa wa kwanza nchini Kenya walihesabiwa kuanzia tarehe 30 Novemba, na maabara ikathibitisha ugonjwa mnamo Desemba. Kwa hesabu ya watafiti wenyewe, onyo lilitangulia mlipuko kwa wiki 2 hadi 6. Halikuwahi kutokea kabla yake onyo la namna hii, la ugonjwa huu, lililotolewa kabla ya tukio na si baada yake.

Ramani iliwapeleka watafiti wa mbu uwanjani wakati ambao mbu wenye virusi walikuwa bado wanaruka. Kazi yao ya mwaka 2006 na 2007 inaonyesha kwa nini mtandao usioelekezwa hauwezi kuona. Walikusanya mbu wapatao 297,000. Zaidi ya 72,000 kati yao waligawanywa katika mafungu 3,003 na kupimwa maabara. Mafungu yaliyokutwa na virusi yalikuwa 77, ya spishi 10. Hayo ni matokeo ya katikati ya mlipuko mkali, katika maeneo yaliyochaguliwa kwa makini. Anayetega mitego popote, katika mwaka wowote, anaweza kutega maisha yake yote asipate kitu. Tena waligundua kwamba wabebaji wakuu wa virusi hawakuwa walewale katika kila ukanda wa kiikolojia. Mbu anayetia hofu Garissa siye anayetia hofu Baringo. Kwa habari hiyo, modeli ya kompyuta inayochora ramani, iliyokuwa ikitazama aina moja ya mabonde, ilipata sababu ya kutazama na maeneo mengine.

Hata hivyo, wiki zile za fursa zilipotea. Watafiti waliozungumza baadaye na wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya walipanga upya kalenda ya matukio kutokana na kumbukumbu zao. Tangu mvua kubwa kuanza hadi mbu kufurika zilipita wiki tatu na kitu. Tangu mbu kufurika hadi mnyama wa kwanza kuugua, wiki mbili na nusu hivi. Tangu mnyama huyo hadi binadamu wa kwanza, tena wiki mbili na nusu. Jumla ni takriban miezi miwili, na kila hatua ilikuwa na watu walioiona kwa macho yao. Wafugaji wa Kisomali walizitambua dalili katika mifugo na kuujua ugonjwa kabla daktari yeyote hajafika. Huduma rasmi zilianza kuingia kwa nguvu baada ya watu kuanza kufa.

Kuchelewa huko kuna gharama mahususi. Chanjo ya mifugo iliyokuwa ikitumika zaidi, yenye virusi hai vilivyopunguzwa makali, inaweza kuharibu mimba, kwa hiyo inafaa kutolewa mapema na kwa kuchagua wanyama. Mlipuko ukishaanza, sindano moja inayochoma mnyama mmoja baada ya mwingine inaweza yenyewe kueneza virusi. Chanjo inahitaji muda wa kutengenezwa, kusafirishwa na kumjengea mnyama kinga. Onyo la wiki 6 lisilopata mtu wa kulipokea linayeyuka. Kufikia katikati ya Machi 2007, Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684 na vifo 155. Somalia wagonjwa 114 na vifo 51. Tanzania, ambako ugonjwa uliingia Januari na kuupiga mkoa wa Dodoma vibaya kuliko mingine, iliripoti wagonjwa 264 na vifo 109 hadi mapema Mei.

Baada ya msiba huo wataalamu wa mifugo wa ukanda huu, pamoja na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, na FAO, waliandaa mwongozo wa maamuzi. Hauanzi na mgonjwa wa kwanza. Unaanza na utabiri wa msimu, unafuata mvua kubwa, mafuriko, mbu, wanyama, hadi binadamu, na katika kila ngazi unasema nani afanye nini: lini fedha zitolewe, lini mifugo ya uangalizi ipimwe damu, lini masoko yafungwe. Naiona kazi hii kuwa na uzito sawa na ile ya setilaiti, ingawa haina picha za kupendeza. Iliufungamanisha utabiri na miguu ya watu.

Lakini ramani yenyewe ilikuwa sahihi kiasi gani? Watengenezaji wake walijikagua hadharani, na jambo hilo linawapa heshima. Katika Afrika Mashariki karibu theluthi mbili ya maeneo ya wagonjwa yalikuwa ndani ya sehemu zilizochorwa kuwa za hatari. Mlipuko ulipotokea Madagaska na kusini mwa Afrika mwaka 2008, sehemu hiyo ilikuwa robo au pungufu. Uhusiano wa bahari na mvua uliofundishwa na historia ya Kenya hausafiri salama hadi kila mahali. Na hata huku kwetu theluthi moja ya maeneo yalikuwa nje ya ramani. Wilaya inayosubiri ramani igeuke nyekundu ndipo itume watu, huenda ikasubiri wakati ugonjwa umeshaingia.

Hapa wataalamu wa hali ya hewa wanalo la kutufundisha. Mwaka 1998 Edward Lorenz na Kerry Emanuel, wa chuo cha MIT nchini Marekani, waliuliza: ukipewa nafasi ya kupima mahali pamoja tu pa ziada, upime wapi? Waliunda hali ya hewa ya kubuni kwenye kompyuta, yenye vituo 40 vilivyopangwa katika duara moja. Nusu ilikuwa nchi kavu inayopimwa daima, nusu ilikuwa bahari isiyopimwa. Wakajaribu njia mbalimbali za kuchagua mahali pa kupima baharini. Kupima pale ambapo utabiri wenyewe ulionekana kuwa na shaka kuliuboresha utabiri wa siku zilizofuata zaidi kuliko kupima kwa kubahatisha.

Shaka ya utabiri inapimika. Kompyuta huendeshwa mara nyingi, kila mara ikianzia kwenye hali inayotofautiana kidogo na ya awali. Majibu yakikubaliana, shaka ni ndogo; yakitawanyika, ni kubwa. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilianza kufanya hivyo katika kazi zake za kawaida mwishoni mwa mwaka 1992. Nchini Marekani, tangu mwaka 1997, ndege aina ya Gulfstream IV huruka kuzunguka vimbunga vya Atlantiki na kudondosha vifaa vya kupima upepo, joto na unyevu. Mahali pa kudondosha vifaa hivyo pamekuwa pakichaguliwa kwa msaada wa modeli, kwa kutazama ni sehemu gani ya anga inayoweza kubadilisha zaidi njia ya kimbunga itakayotabiriwa. Mara nyingi mahali hapo pako mbali na kimbunga chenyewe.

Ukilileta wazo hilo kwenye mifugo na mbu, linabadilisha mpango wa kazi. Eneo lililo jekundu kabisa kwenye ramani linahitaji chanjo, vyandarua na elimu kwa wachinjaji. Pale modeli ina uhakika, na kipimo kimoja cha ziada hakiiongezei maarifa mengi. Maarifa yanapatikana pembezoni: wilaya ambayo modeli moja inaiweka hatarini na nyingine inaiacha, nyanda za juu ambako hakuna aliyewahi kupima, njia za mifugo zinazounganisha eneo la mafuriko na mnada wa mbali. Kugawa mitego yote kwenye wekundu ni kuuliza swali ambalo jibu lake tunalo. Kwa maoni yangu kila mpango wa uangalizi ungetenga sehemu ya bajeti yake, isiyoguswa hata hofu ikipanda, kwa ajili ya maeneo yenye shaka.

Uganda ilitoa ushahidi mchungu. Machi 2016 homa ya Bonde la Ufa ilithibitishwa kwa watu wa Kabale, wilaya ya milima na baridi kusini magharibi mwa nchi, mbali na sura ya mbuga kame tuliyoizoea. Uganda ilikuwa haijathibitisha mlipuko tangu mwaka 1968. Miaka miwili baadaye, Juni 2018, ugonjwa ulizuka Wajir, nchini Kenya, baada ya mvua nzito za masika, katika mwaka usiokuwa wa El Niño. Rwanda nayo ilipata mlipuko katika mifugo mwaka huohuo. Matukio hayo hayaifuti kazi ya Linthicum na Anyamba. Yanaonyesha kwamba ishara ya bahari inaeleza aina moja ya hatari, ile ya milipuko mikubwa ya vuli, na kwamba chini yake virusi vinazunguka kimya katika sehemu ambazo hatujaweka macho.

Kuna kasoro nyingine inayojificha ndani ya takwimu zenyewe. Modeli hujifunza kutokana na wagonjwa waliothibitishwa, na mgonjwa huthibitishwa pale penye zahanati, barabara na mtu aliyewahi kuusikia ugonjwa. Modeli ikifundishwa kwa takwimu hizo, inaweza kuichora ramani ya zahanati ikidhani imeichora ramani ya virusi. Kisha ramani hiyo inapotumika kupanga uangalizi, watu wanapelekwa tena palepale, wagonjwa wanapatikana palepale, na modeli inazidi kujiamini. Mzunguko huo hauvunjwi na kompyuta yenye nguvu zaidi. Unavunjwa na mtu anayetumwa kupima mahali ambapo ramani ni tupu.

Mwaka 2015 El Niño kubwa ilipotabiriwa, Kenya haikungoja. Tangu Novemba 2015 hadi Februari 2016, wafugaji katika kaunti 22 zenye hatari walikuwa wakitoa taarifa kwa simu: je, kuna mnyama anayetoka damu puani, kuna mimba zilizoharibika, kuna vifo vya vitoto? Maelfu ya ripoti yalikusanywa, na zilizotia shaka zilifuatiliwa na maafisa mifugo. Wale waliokuwa wa mwisho kusikilizwa mwaka 2006 wakawa sehemu rasmi ya mtandao, na utabiri ndio uliowaita kazini kwa miezi iliyohitajika tu. Hilo ndilo lililoifanya gharama iwe ya kubebeka.

Mlipuko mkubwa haukutokea Kenya msimu ule, na hapo lilizuka swali ambalo kila mtoa tahadhari analijua: je, fedha zilipotea? Ripoti nyingi zilizotumwa zilisema hakuna mnyama mgonjwa. Nazihesabu ripoti hizo kuwa miongoni mwa mazao bora ya zoezi zima. Rekodi za homa hii tangu mwaka 1931 zimejaa matukio, na zina upungufu mkubwa wa taarifa zinazosema kwa uhakika kwamba mahali fulani, katika wiki fulani ya mvua, watu walitafuta ugonjwa na hawakuukuta. Bila taarifa hizo modeli haiwezi kujua mpaka wa hatari uko wapi, kwa sababu inaonyeshwa upande mmoja tu wa mpaka. Kinachotakiwa sasa si cha kigeni: ripoti ya "hakuna" ipewe tarehe, ipewe mahali, ihifadhiwe pamoja na ile ya ugonjwa, na ifike kwa wanaochora ramani kabla ya vuli ijayo. Kazi hiyo ni ya bei ndogo ukilinganisha na setilaiti, na inaweza kuanza na simu ambazo wachungaji wengi tayari wanazo mfukoni.